Mzazi Aulizwe Alichokiona kwa Macho Yake

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama maoni ya wazazi yanaweza kuinua ubora wa shule au yanawavuruga walimu tu. Ninajibu nikiwa mama wa watoto wawili wanaosoma katika shule ya umma hapa Kaptembwa, Nakuru, na mwakilishi wa wazazi wa Gredi ya Tano. Naamini kwamba yanaweza, lakini kwa sharti moja: mzazi aulizwe jambo alilolishuhudia mwenyewe, tena aulizwe kwa njia isiyomtia hofu juu ya mtoto wake.

Naanza na hofu hiyo kwa sababu ndiyo iliyotunyamazisha wengi wetu. Mwaka jana shule ilitutumia karatasi ya maswali kuhusu ubora wa masomo. Ilikuja mkononi mwa mtoto, juu kabisa ikiwa na nafasi ya jina la mzazi na jina la mwanafunzi, nayo ilipaswa kurudishwa kwa mwalimu wa darasa, yaani yule yule ambaye nusu ya maswali yalimhusu. Tuliulizwa kama tumeridhika na ufundishaji: sana, kiasi au hapana. Jirani yangu alichagua "sana", ilhali jioni hiyo hiyo alikuwa amenieleza kwa uchungu kwamba binti yake hawezi kugawanya hata namba ndogo. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Mimi nitabaki nyumbani, lakini kesho mtoto anaingia darasani peke yake." Sikuwa na la kumwambia, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nimechagua "sana". Sidhani kwamba walimu wetu wana tabia ya kumlipizia mtoto maneno ya mzazi wake, na nawaheshimu kwa hilo, ila mama hawezi kumfanyia mtoto wake majaribio ili kujua kama hofu yake ni ya kweli.

Kile ambacho karatasi ile haikuniuliza kilikuwa ndani ya daftari la Hisabati la mwanangu. Mimi ni fundi cherehani, na kila jioni nikishafunga kibanda huwa napitia madaftari ya watoto. Hadi wiki ya tatu ya muhula wa pili, kila zoezi lilikuwa limesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na penye kosa palikuwa na masahihisho. Baada ya hapo nilihesabu kurasa 23 ambazo hazikuguswa na kalamu ya mwalimu. Katika ukurasa wa 24 kulikuwa na tiki moja ndefu iliyoshuka kutoka juu hadi chini, na katikati ya ukurasa huo mwanangu alikuwa ameandika kwamba 7 × 8 ni 54. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia amekosea, aliendelea kuitumia 54 hiyo katika mazoezi yaliyofuata, akikosa jibu baada ya jibu kwa sababu ile ile. Ripoti ya mwisho wa muhula ilisema "Kukaribia matarajio". Maneno hayo hayakunionyesha mahali alipokwama wala la kumsaidia.

Kwa miaka mingi wazazi wa Kenya hatukuhitaji kutazama kwa karibu hivyo, au tulidhani hatuhitaji. Tangu mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulipoanza mwaka wa 1985 hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, tuliipima shule kwa wastani wa alama. Kipimo hicho kilikuwa na kasoro nyingi, na mimi siulilii mtihani ule. Hata hivyo, ulipoondoka ulituacha na mazoea ya kungoja namba kutoka nje ituambie kama mtoto anajifunza. Tangu mwaka wa 2009 mradi wa Uwezo umetuonyesha njia nyingine: watu wa kujitolea waliwatembelea watoto nyumbani, wakawapa kifungu cha kiwango cha darasa la pili wakisome, na wakagundua kwamba wengi waliokuwa wamepanda madarasa ya juu hawakukiweza. Kazi hiyo haihitaji shahada. Nimeifanya mezani pangu kwa kitabu cha zamani cha mwanangu mkubwa, ikanichukua dakika kumi.

Mahali pa kupeleka tunayoyaona pia pamewekwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka kila shule iwe na chama cha wazazi, chenye kamati iliyo na mwakilishi wa kila darasa. Miongoni mwa kazi za chama hicho, sheria inataja kutafuta njia za kuwatia moyo walimu na wanafunzi ili matokeo yawe bora. Inataja fedha na majengo pia, na kwetu hayo ndiyo yaliyokuwa yakimeza mkutano wote. Tulijadili pesa za chakula, ukuta na lango kwa saa mbili, kisha masomo yakaletwa chini ya "mengineyo", wakati ambapo akina mama wa sokoni walikuwa wameshaondoka na waliobaki walikuwa wakitazama saa.

Muhula uliofuata, kwa ridhaa ya mwalimu mkuu, tuliandaa karatasi yetu. Haikuwa na nafasi ya jina. Iliuliza mambo mawili: katika wiki mbili zilizopita umeona nini ndani ya daftari la mtoto, na ni jambo gani ambalo mtoto mwenyewe anasema halielewi? Wazazi walizileta kibandani kwangu zikiwa zimekunjwa, na wasioandika walinieleza kwa mdomo nikawaandikia. Nilipozisoma niliona kwamba kurasa zisizosahihishwa hazikuwa za mwanangu peke yake.

Mwalimu wa Hisabati hakukasirika. Alituambia kwamba darasa lina watoto 74, na kwamba akimpa kila daftari dakika moja tu, atahitaji dakika 74, ilhali kipindi kizima ni dakika 35. Hapo nilitambua kwamba karatasi ya "sana, kiasi au hapana" ilikuwa imetudhulumu sisi na yeye vilevile. Majibu yetu ya uongo yalikuwa yameficha mzigo wake, na shule ikaendelea kuamini kwamba darasa lile halina tatizo. Siku hiyo tulikubaliana kwamba madaftari yagawanywe katika mafungu manne, kila fungu lisahihishwe kikamilifu siku yake, na mzazi atie sahihi kila Ijumaa akionyesha ukurasa ambao haukuguswa.

Kuhusu kuwavuruga walimu, nakiri kwamba wazazi tunaweza kufanya hivyo, nami nimeshuhudia. Baba mmoja aliingia darasani na kumkemea mwalimu mbele ya watoto, na kundi letu la WhatsApp liliwahi kumjadili mwalimu mwingine usiku kucha kwa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hayo si maoni kuhusu ubora wa shule, na kama mwakilishi nimeyakataa waziwazi. Vilevile sioni sababu ya mimi kumfundisha mwalimu namna ya kufundisha sehemu za hesabu, kama nusu na robo. Kazi yangu ni kumwambia kwamba mtoto amerudi nyumbani bila kuzielewa.

Leo mwanangu anajua kwamba 7 × 8 ni 56, na daftari lake lina wino mwekundu tena, ingawa kuna wiki ambazo fungu moja huachwa bila kusahihishwa. Katika mkutano wa muhula huu ripoti za madarasa zilisomwa kwanza, fedha zikafuata, na akina mama wa sokoni walikuwapo kuzisikia. Barua yetu ya kuomba mwalimu wa ziada bado haijajibiwa. Nimeomba iwe ajenda ya kwanza katika mkutano ujao.

Mzazi wa Gredi ya Tano,
Kaptembwa, Nakuru