Ujerumani: miaka mitatu inatosha, ila si kwa madaktari
Umeuliza kama shahada ya miaka mitatu ya Ujerumani ni kamili au ni Diplom (shahada ndefu ya zamani ya huko) iliyokatwa nusu. Ni kamili, ndugu. Baada ya makubaliano ya Bologna ya mwaka 1999, ya nchi za Ulaya kulinganisha shahada zao, vyuo vingi viliachana na Diplom na mwenzake Magister. Sasa shahada ya kwanza kwa kawaida ni mihula 6, krediti 180; uzamili mihula 4, jumla inafika 300. Halafu uzamivu.

Panapochanganya watu ni udaktari na sheria. Njia ya kawaida huko ni kusoma mfululizo hadi mtihani wa serikali, Staatsexamen. Udaktari wa binadamu ni miaka 6 na ushee, mwaka wa mwisho ukiwa wa mazoezi hospitalini. Wa sheria akishafaulu mtihani wa kwanza anaingia mafunzo ya kazi ya miaka 2, kisha mtihani wa pili, ndipo aruhusiwe kuwa wakili au hakimu.

Na ukiona matokeo ya mtu yana 1,3 usimpe pole: 1,0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4,0 ni kupita kwa mbinde.