Jua tunalo: kwa fundi mpya anayeanza kazi ya stima Lamu

Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu waliotoka chuo cha ufundi, wanataka kujifunza kazi. Huwauliza: Kenya ina nini cha kuzalisha umeme? Majibu hutoka mbio: mvuke wa ardhini wa Olkaria, upepo wa Turkana, mabwawa ya Mto Tana, jua la pwani. Basi nawauliza tena: mbona tokeni za stima ni ghali, na mbona jana mtaani Langoni tulikaa gizani? Hapo kila mtu huangalia viatu vyake.

Wanangu, mali ya ardhini na angani haijawa stima mpaka ifike kwenye swichi ya mtu. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilikamilika 2017. Ikakaa. Laini ya kupeleka umeme Suswa, kuuingiza kwenye gridi ya taifa, ilikuwa haijaisha, na mpaka inawashwa 2018 upepo ulikuwa ukivuma bure huku serikali ikidaiwa fidia ya kuchelewa. Sisi wa Amu, yaani Lamu, hatukuhitaji kusimuliwa. Kabla laini ya taifa kutufikia tuliishi kwa jenereta za dizeli, na jua letu lilikuwa hili hili la leo.

Chukua risiti ya tokeni uisome mstari kwa mstari. Utaona gharama ya mafuta, utaona marekebisho ya fedha za kigeni, maana mikataba mingi ya wazalishaji imeandikwa kwa dola au yuro. Shilingi ikianguka, mama wa mtaa wa Mkomani anailipia kwenye taa yake. Hili vyuoni hawalifundishi, na wateja watakuuliza wewe.

Jambo la pili ni saa. Langobaya, upande wa Malindi, kuna shamba la sola la megawati 40 lililoanza kazi 2021. Linatoa kwa wingi adhuhuri. Lakini Kenya nzima huwasha taa, televisheni na pasi kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, wakati paneli zimeshalala. Usiku wa manane matumizi yakishuka, mvuke mwingine wa Olkaria huachiwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Kwa hiyo mtu akikutajia megawati, muulize: za saa ngapi?

Mimi somo hili lilinigharimu. Mvuvi mmoja wa Kizingitini alitaka friza ya kuhifadhia samaki, naye alikuwa na pesa za kubana. Paneli nikazipigia hesabu sawasawa. Betri nikazipunguza ili bei ishuke, nikijiambia jua la kaskazi litafidia. Mchana friza ilinguruma vizuri, tukapeana mikono. Usiku wa tatu, kama saa nane hivi, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe vyombo vya nyumbani, ikazima. Asubuhi nilipigiwa simu, na nilipofika nilikuta nguru wamelegea kama kitambaa kilicholowa, maji ya damu yanachuruzika mlangoni. Mzee hakunigombeza. Alinitazama tu, akaniuliza, "Fundi, usiku hukuuhesabu?" Nusu ya hasara nililipa mimi, kwa miezi minne.

Chumvi nayo ni mwenzako wa kazi, upende usipende. Kusi ikivuma, bolti ya kawaida ya dukani huanza kutoka machozi ya kutu katika muda mfupi, na waya wa shaba ulioachwa wazi hugeuka kijani. Tumia bolti za stenlesi, paka grisi kila kiungo, funga masanduku vizuri. Mteja akilalamikia bei, mwonyeshe waya uliogeuka kijani. Mimi hutembea nao mfukoni.

Leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ichukue mapema. Sina zaidi hapo.

Kisha kuna watu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hapa Lamu, ulikuwa wa megawati 1,050, na makaratasi yake yalikuwa mazito kuliko begi lako. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wazee wa Amu walikuwa wakisema hivyo kwa miaka. Mimi binafsi sikuyataka yale makaa, sifichi, ila hata ukiyapenda, uone kilichoyakwamisha: hodi haikupigwa vizuri. Nawe utakwama hivyo hivyo ukipandisha paneli kwenye dari ya ukoo kwa ruhusa ya kaka mmoja, wakati dada zake wana fungu humo.

Kazi ikiisha, usikimbilie boti. Keti na atakayebaki na mtambo. Msikiti mmoja niliuwekea betri za maji, nikaondoka kwa haraka. Mwadhini akaona maji yamepungua, kwa nia njema akajazia ya kisimani. Chumvi ya kisima iliziua betri zote nne, na kipaza sauti kikanyamaza kabla ya Ramadhani. Tangu hapo huacha chupa mbili za maji ya betri pembeni, nikachora mstari mwekundu kwenye kila betri, na atakayebaki nazo humjazisha ya kwanza yeye mwenyewe nikiwa nimesimama hapo.