Kwa nini treni inazunguka Rendsburg kabla ya kuvuka mfereji?

Umeuliza kwa nini reli pale Rendsburg, Ujerumani, inapiga duara zima badala ya kuvuka Mfereji wa Kiel moja kwa moja. Sababu ni kimo. Meli za hadi mita 40 juu ya maji hupita pale, kwa hiyo daraja limeachiwa uwazi wa mita 42. Stesheni nayo iko chini, karibu mno na mfereji. Treni haiwezi mwinuko mkali: magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma huteleza, hasa mvua ikinyesha na mabehewa yakiwa yamejaa. Mhandisi Friedrich Voß akaongeza urefu wa njia: kitanzi cha kilomita 4.5 hivi upande wa kaskazini, treni ipande polepole na stesheni ibaki palepale. Kwangu, hicho kitanzi ndicho kazi kubwa kuliko daraja lenyewe.

Lilijengwa 1911 hadi 1913, likachukua nafasi ya daraja la chini lililokuwa likigeuzwa pembeni kufungulia meli njia, na kusimamisha treni kila meli ikipita. Sehemu ya chuma ni karibu mita 2,500, na sehemu kuu inayovuka maji, kutoka nguzo hadi nguzo, ni mita 140.

Chini yake huning'inia kivuko kwa nyaya 12, hubeba magari manne na waenda kwa miguu. Kinapita chini sana, ndiyo maana lazima kisubiri meli. Januari 2016 kiligongwa na meli ya mizigo, na kipya kikaanza kazi 2022.