Dana Andrews, steringi aliyepitwa na tuzo

SWALI: Nimetazama The Best Years of Our Lives, filamu ya mwaka 1946 kuhusu wanajeshi watatu wanaorudi nyumbani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Oscar ya mwigizaji bora alipewa Fredric March, lakini aliyenikaa moyoni ni Dana Andrews, ambaye hata kuteuliwa hakuteuliwa. Alipungukiwa na nini? Na nikiirudia, nimwangalie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hakupungukiwa na kitu. March ana ulevi na hotuba ya karamuni, mambo yanayoonekana mara moja. Harold Russell alikuwa amepoteza mikono kwelikweli akiwa jeshini, na kwa kuigiza baharia wa namna hiyo hiyo alipata Oscar mbili. Andrews ni Fred Derry, kapteni mlenga mabomu anayerudi kutoka vitani na kuishia kuuza soda na aiskrimu kwenye kaunta kwa dola 32.50 kwa wiki. Mtu wa namna hiyo huficha aibu yake, na Andrews anaificha vizuri mno hadi wapiga kura wakadhani haigizi.

Anza na simu ya baa ya Butch. Al (March) amemtaka Fred aachane na binti yake, Peggy. Mbele, Russell na Hoagy Carmichael (ndiye Butch, mwenye baa) wanapiga piano. Nyuma kabisa Fred yumo kwenye kibanda cha simu, akimpigia Peggy kumwacha. Mpigapicha Gregg Toland ameacha mbele na nyuma vyote vikiwa wazi, na maneno ya Fred hatuyasikii. Andrews amebakiwa na umbo lake tu, tena dogo, lakini unajua dakika ile ile moyo unapovunjika. Usiitazame kwenye simu ya mkononi, kibanda kitakupotea.

Kisha nenda kwenye uwanja wa ndege mbovu za vita, karibu na mwisho. Fred anapanda B-17, ndege ya kudondosha mabomu, iliyong'olewa injini na kuketi kwenye pua yake, mahali pake pa zamani. Ongeza sauti: muziki wa Hugo Friedhofer ndio unaowasha injini zile. Hapa mwigizaji wa kawaida angeshika kichwa na kupiga kelele. Andrews anatulia, jasho usoni, macho yakitazama mbele kupitia kioo chenye vumbi. Halafu msimamizi anamwita, anashuka, na papo hapo anaomba kazi. Kugeuka kule, kutoka jinamizi hadi kutafuta riziki, ndiko kulikostahili tuzo.

Ukimaliza, tafuta Laura (1944). Humo ni mpelelezi, na hisia zake zote ziko kwenye vidole vinavyochezea kidude cha mfukoni wakati wengine wanasema.