Mama amefariki, kichanga kimebaki: kabla hujakipeleka makao

Ukifika makao ya watoto na katoni zako za maziwa na sabuni, wadogo watakukimbilia miguuni. Watakunyooshea mikono uwabebe, na wengine watakuita mama hata jina lako hawajalijua. Wageni wengi hutokwa machozi hapo, wakarudi nyumbani wakisimulia jinsi watoto wale walivyochangamka. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, na nikiliona jambo hilo najiuliza: huyu akianguka akaumia, anamlilia nani? Mtoto wa miaka miwili mwenye mtu wake humwogopa mgeni kwanza, akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Yule anayekwenda na yeyote, bila kubagua, watafiti wamemkuta mara nyingi miongoni mwa watoto waliokulia kwenye taasisi kama makao hayo.

Walimkuta sana Romania. Mwaka 1966 serikali ya nchi hiyo ilibana utoaji mimba ili watu wazaliane, na utawala wa rais wake, Ceaușescu, ulipoanguka mwaka 1989, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wakiishi taasisini. Mwaka 2000, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza utafiti jijini Bucharest na watoto 136 waliokuwa na umri wa miezi 6 hadi 31. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa familia za walezi waliolipwa na kutembelewa, nusu wakabaki na huduma iliyokuwepo. Walipofikisha miezi 42 walipimwa akili, kwa kipimo ambacho wastani wake ni 100. Waliobaki walipata kama 77, waliokwenda kwenye familia kama 86. Lakini mimi nimeishika zaidi hesabu nyingine: waliohamia kwenye familia kabla ya miezi 18 walifika 94, na waliohamishwa baada ya miezi 30 waliishia kwenye 80 hivi.

Sasa tazama desturi yetu. Mama anafariki akijifungua. Baba hana maziwa, bibi ana umri mkubwa, barua inaandikwa, kichanga kinakwenda makao “mpaka afikishe miaka miwili, aweze kula ugali”. Kisha anarudishwa nyumbani. Nia ni njema, na wapo watoto waliookolewa na utaratibu huo. Ila ni miezi ileile! Tunamtoa kwenye familia wakati anapomhitaji mtu mmoja kuliko wakati mwingine wowote, tunamrudisha akiwa tayari ameshazoea mikono ya zamu.

Kwa hiyo, afisa mwenzangu, ukiletewa kesi ya namna hii, usianze kwa kuuliza makao gani yana nafasi. Kaa na ukoo. Uliza juu ya mama mdogo, shangazi, mke wa baba mkubwa. Mara nyingi yupo aliye tayari, ila hajasema kwa sababu anajua hana hela ya maziwa ya kopo, na akilala macho usiku kucha nani atamfungulia genge asubuhi? Andika hesabu yake: maziwa ya miezi sita ya kwanza, kuni au mkaa wa kuchemshia maji, nauli ya kliniki, fidia ya biashara yake. Mkutanishe na afisa lishe amfundishe kunywesha kwa kikombe, maana chupa ni ngumu kusafisha palipo na shida ya maji. Kama ukoo umeshindikana kweli, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu malezi ya kambo, yaani familia nyingine impokee mtoto na kumlea. Tafuta walezi wa kuaminika kabla hujapata kesi, maana usiku wa kuamkia Jumatatu huwezi kumpata mtu.

Nawe unayechanga, hesabu hiyohiyo uichukue. Mwulize afisa ustawi wa wilaya yako kama kuna bibi au shangazi anayelea kichanga, umnunulie yeye yale maziwa.

Kwa madiwani usiende na picha za ubongo wa watoto. Wataziangalia kwa heshima, kisha watauliza bajeti ya barabara. Nenda na ile tofauti ya 94 na 80, pamoja na karatasi ya gharama za shangazi. Atakayesema huo ni utafiti wa Wazungu, mwambie Rwanda imekuwa ikihamishia watoto kwenye familia chini ya mpango wake wa Tubarerere Mu Muryango, na Kenya ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kufanya hivyo. Usiwaahidi miujiza lakini. Hata Bucharest, waliopata familia kwa jumla hawakuwafikia wenzao ambao hawakuwahi kuishi taasisini. Wala usimwambie mlezi wa makao kwamba mtoto wake wa miaka minne ameshaharibika. Wastani wa kundi haumtabirii mtoto mmoja, na akina mama wale wanafanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo. Waombe wasimamizi wao jambo moja linalowezekana hata leo: kila mtoto apewe mlezi wake, ndiye amlishe, amwogeshe na aende naye kliniki, hata zamu zikibadilika.

Jambo moja tusiige. Sheria ya Romania ya mwaka 2004 ilikataza kuweka taasisini mtoto wa chini ya miaka 2, ila ikawaacha nje wenye ulemavu mkubwa. Nimeshaona rasimu za mipango yetu zikielekea hukohuko, kwa maneno laini kama “mahitaji maalumu”. Ukikuta kifungu hicho kwenye mpango wa halmashauri yako, dai kiondolewe, na badala yake gharama za mlezi wa mtoto huyo ziwekwe juu zaidi: mazoezi ya viungo, kiti cha kumkalisha, na nauli ya kwenda hospitali ya rufaa.