Kigogota amegonga mti, au kimegonga?

Swali. Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Tabata. Mara moja kwa mwezi, mimi na wenzangu wanne huenda Msitu wa Pugu kuangalia ndege. Tatizo la kwanza ni kwamba nikiwa ndani ya daladala ya Gongo la Mboto nikasema ninakwenda kuangalia ndege, konda huniuliza kama nishushwe uwanjani. La pili, juzi niliwaandikia wenzangu hivi: "Jumamosi tulienda Pugu kuangalia ndege na tukaona vigogota vidogo viwili vinavyogonga mti mkavu." Mmoja akanisahihisha kwamba ni "wadogo wawili wanaogonga". Mwingine akasema ndege huyo haitwi kigogota, anaitwa kigong'ota. Nani kati yetu yuko sahihi? Na tunaposoma habari za ndege hao katika nchi nyingine, majina yao tuyaandikeje kwa Kiswahili?

Jibu. Marahaba, msomaji wangu. Nianze na konda, kwa sababu kosa si lake. Barabara ya kwenda Pugu inapita mbele ya uwanja wa ndege, na neno ulilompa lina maana mbili ambazo haziwezi kutenganishwa kwa kulitazama lenyewe. Chombo kinachoruka tulikipa jina la kiumbe kinachoruka, na ingawa zamani baadhi ya watu walisema "eropleni", neno hilo limebaki kwa wazee wachache. Kinachotenganisha maana hizo mbili ni upatanisho wa kisarufi: ndege ya kutoka Mwanza *imetua* saa mbili, lakini ndege wa msituni *ametua* tawini, ndege za shirika *zimeruka*, lakini ndege wa Pugu *wameruka*. Tatizo la sentensi yako ni kwamba "kuangalia ndege" haina kiambishi chochote cha kumsaidia msikilizaji. Umemwachia konda abahatishe, naye amebahatisha kwa kufuata njia gari linakopita.

Dawa yake ni silabi moja tu. Sema "ninakwenda *kuwatazama* ndege." Kiambishi *-wa-* kinatangaza kwamba hao ni viumbe hai na kwamba ni wengi, kwa vyombo vya angani ungelazimika kusema "kuziangalia". Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba kiambishi cha mtendwa ni cha hiari, na kwa vitu visivyo na uhai mara nyingi ni kweli: "nimeona kiti" na "nimekiona kiti" zote zinakubalika, kila moja na uzito wake. Kwa kiumbe hai kinachojulikana, hata hivyo, sikio la Mswahili hulitafuta umbo la "nimemwona", na asipolisikia huona kama sentensi imekatwa mguu. Nimechagua pia "kutazama" badala ya "kuangalia", kwa sababu kuangalia kumebeba mizigo mingine: unaangalia watoto kwa maana ya kuwalea, unaangalia mambo kwa maana ya kuyachunguza, na dereva anaambiwa aangalie kwa maana ya kujihadhari. Kutazama ni kukaza macho juu ya kitu kwa muda, na hicho ndicho mnachokifanya mnaposimama kimya chini ya mti na darubini shingoni. Shughuli yenyewe basi ni utazamaji wa ndege, na anayeifanya ni mtazamaji wa ndege.

Sasa nije kwenye sentensi yako. Aliyekusahihisha "wadogo wawili" yuko sahihi, na sababu yake inafaa kukaa nayo kidogo. Jina *kigogota* lina sura ya ngeli ya kitu: kigogota, vigogota, kama kikapu na vikapu. Lakini Kiswahili sanifu, kinapokutana na jina la kiumbe hai, huangalia uhai kabla ya sura ya neno. Kifaru *amekasirika*, kiboko *ametoka* mtoni, kipepeo *anaruka*, chura *analia*, kiroboto *ameniuma*. Hakuna anayesema "kiboko kimetoka". Vivyo hivyo kigogota *ameruka*, vigogota *wale wawili*, kigogota *wetu* wa kila mwezi. Vivumishi hufuata mkondo huohuo, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu *kidogo* hulingana kwa sauti na *kigogota* na ulimi huteleza wenyewe. Ndege huyo ni kigogota *mdogo*. Ukisema "nimeona kigogota kidogo", msikilizaji anaweza kuelewa kwamba ulimwona kwa muda mfupi, au ulimwona nusunusu akijificha nyuma ya shina, jambo ambalo kwa ndege huyu hutokea kweli.

Kuna mahali pamoja ambapo *ki-* ya kiumbe hai hubaki na upatanisho wake wa kitu, nako ni pale msemaji anapodhamiria kudogosha. "Kidege kile kinaimba" ni sahihi kabisa kwa mtu anayemwonea huruma au anayemdharau ndege mdogo, kama tunavyosema "kijitu hiki kinanisumbua" au "kitoto kile kinalia". Lakini *ki-* ya kigogota haidogoshi chochote. Ni sehemu ya jina, na hakuna "gogota" kubwa ambaye huyu ni mtoto wake. Kwa hiyo anayesema "kigogota hiki" bila kukusudia anamtusi ndege wa watu.

Hapa wachunguzi wa mgahawani hunikumbusha kuku. Naam, sheria haimwachi hata akiwa sahani moja na chipsi: ni kuku *wa* kukaanga, naye *analiwa*. Dar es Salaam siku hizi utasikia "kuku ya kukaanga", na sitaki ugomvi na mpishi mwenye njaa ya wateja, ila kwenye maandishi mrudishie kuku heshima yake.

Neno la pili la kurekebisha katika sentensi yako halikutajwa na mwenzako yeyote, nami naona ndilo lililo na ladha kubwa zaidi. Umeandika kwamba vigogota walikuwa "wanagonga mti". Mtu wa mjini hapa akisikia kwamba fulani amegonga mti huuliza kwanza kama gari limeharibika sana. *Kugonga* kwetu ni pigo moja lenye nguvu, au ni mgongano. Hata mlangoni tunasema amegonga mara tatu, tukihesabu. Ndege huyu hagongi kwa kuhesabiwa. Kwa kazi yake lugha ina kitenzi *kugogota*: kupiga kitu kigumu kwa mapigo mepesi yanayofuatana upesi, na jina lake limetoka humohumo. Ukisema "kigogota anagogota" unaonekana kama unarudia, lakini hurudii zaidi ya asemaye kwamba mwimbaji anaimba.

Tena kazi za mdomo wa ndege huyu si moja, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila mojawapo. Anapotafuta wadudu chini ya gome *anadonoa*, kama kuku anavyodonoa mchele uani. Anapochimba tundu la kutagia mayai *anatoboa* mti. Lakini yale mapigo ya haraka yanayosikika kutoka mbali, ambayo kwa baadhi ya aina hupita kumi kwa sekunde moja, hayahusiani na chakula wala nyumba. Ni tangazo kwa ndege wenzake kwamba eneo lina mwenyewe, na ndiyo maana huchagua tawi kavu lenye mwangwi. Hiyo ndiyo hasa *kugogota*. Asubuhi moja, nikiwa barazani Upanga, nilimsikia mmoja kwenye mwarobaini mkuukuu kabla sijamwona. Nilipompata alikuwa ameegemeza mkia wake mgumu kwenye tawi kama mtu aliyekalia kigoda, vidole viwili mbele na viwili nyuma, dume mwenye wekundu kisogoni. Alidonoa, akasita, akainamisha kichwa pembeni kana kwamba anasikiliza, akadonoa tena mahali palepale. Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, kile kinafanya nini?" Mnaona kwamba somo hili hata nyumbani kwangu halijakamilika.

Kuhusu kigogota na kigong'ota, wenzako wasigombane. Maumbo yote mawili yamo katika matumizi, kwa kuwa vitenzi *gogota* na *gong'ota* vyote vipo na vina maana zinazokaribiana mno. Mimi hutumia kigogota kwa sababu ni jepesi kuandika na sauti yake inafanana zaidi na ya ndege. Atakayechagua kigong'ota ana haki yake, kwa sharti moja: asiisahau ile alama ya ritifaa. Bila ritifaa neno litasomwa kwa *ng* ya "ngoma" badala ya *ng'* ya "ng'ombe", na hapo tutakuwa tumempa ndege jina la tatu ambalo hakuna aliyelitaka. Kwa hakika ndege wengi wa kwetu wameitwa kwa sauti zao, na sikio ndilo hakimu mzuri wa majina hayo: msikilize kwarara akipita juu, au dudumizi akiwa kichakani, utajua aliyewapa majina hakuwa na haja ya darubini.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Jumamosi tulikwenda Pugu kuwatazama ndege, tukawaona vigogota wadogo wawili waliokuwa wakigogota mti mkavu."

Limebaki swali la vigogota wa dunia, ambao ni zaidi ya aina 200, nao wapo karibu kila mahali penye miti isipokuwa Australia, New Zealand, Guinea Mpya na Madagaska. Kwanza chunga neno *aina*, au *spishi* ukitaka kuandika kitaalamu. Likitangulia, upatanisho unalifuata lenyewe: "spishi hii *inapatikana* Ulaya", lakini "kigogota huyu *anapatikana* Ulaya". Magazetini nimekutana mara nyingi na "aina hii ya ndege anapatikana", sentensi iliyoanza na kichwa kimoja ikamaliza na mkia wa mwingine. Hali ni hiyohiyo kwa "kundi la ndege *limeruka*".

Pili, majina ya maelezo. Kiswahili hakina jina la kila kigogota, hivyo tunalazimika kuyaunda, na njia iliyo nyepesi ni kutaja kiungo cha mwili na sifa yake baada ya jina la ndege. Amerika ya Kaskazini kuna ndege ambaye kichwa chake chote ni chekundu. Mwite *kigogota kichwa-chekundu*. Angalia kwamba sifa inapatana na kichwa, wala haipatani na ndege: si "kichwa-mwekundu". Lakini kitenzi kitakachofuata kinamrudia ndege, "kigogota kichwa-chekundu *amejenga*". Kwa wingi mimi huandika "vigogota kichwa-chekundu", nikikiacha kichwa katika umoja, kwa kuwa kila ndege anacho kimoja tu. Kwa mtindo huohuo tunapata *kigogota mkia-dhahabu*, ambaye yupo hapahapa Tanzania. *Kigogota kijani* wa Ulaya, ambaye hushuka chini kula sisimizi, hahitaji hata kiungo.

Tahadhari ni kwa majina yanayovutia kutafsiriwa neno kwa neno. Yuko kigogota mkubwa wa kusini mwa Marekani, ambaye kuonekana kwake kwa mwisho kunakokubaliwa na wataalamu wote ni kwa mwaka 1944, jimboni Louisiana. Waingereza walimwita kwa weupe wa mdomo wake, unaofanana na pembe za ndovu. Ukiandika "mdomo-pembe", msomaji wetu ataona ndege mwenye pembe ya mbuzi, kwa sababu *pembe* kwetu ni ya mbuzi, ya ndovu na hata ya chumba. Andika *mdomo-mweupe*, yatosha. Yule wa California anayepachika mbegu za mwaloni katika maelfu ya matundu aliyoyatoboa kwenye shina moja, mwite *kigogota wa mwaloni*. Wa Afrika Kusini anayeishi kwenye miamba na kuchimba tundu lake kwenye kingo za udongo, mwite *kigogota wa miamba*. Ni kweli kwamba miti haimhusu sana, lakini hata popo tumewahi kumwita ndege na hakuna aliyekufa.

Tatu, kila unapounda jina, weka na la kisayansi mara ya kwanza unapolitaja, ili msomaji mwingine ajue unamzungumzia nani. Jina hilo halipokei viambishi vyetu wala halitengenezwi. Yule mdogo wa barazani kwangu, wa sentimita 15 hivi, ni *Dendropicos fuscescens*. Yuko pia kigogota wa misitu ya pwani, kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania, aliyepewa jina la mji wa Mombasa: *Campethera mombassica*. Ndiyo, imeandikwa kwa *s* mbili. Iache hivyohivyo, hata kama kalamu yako ya Kiswahili inawasha kuifuta moja.