Fundi Anajibu: Kiti Kwanza, Lenzi Baadaye

Msimu wa mashindano ya ndani umeanza, na barua zote za mwezi huu zinazungumzia jambo moja: mpira wa kikapu na ukumbi wenye giza. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti. Nyingine nitazipitia haraka.

*Fundi, habari za kazi. Mwanangu anachezea timu ya shule, na mechi zote ni ndani ya ukumbi wenye taa hafifu. Nina kamera ya sensa ndogo, APS-C, megapikseli 24, na lenzi mbili nilizonunua nayo: 18-55 na 55-250. Picha zinatoka nyeusi, au mtoto anaonekana ana mikono minne. Muuzaji ananishauri nichukue 70-300 yenye kizuia mtikisiko, eti ndiyo dawa. Huwa nakaa safu ya tatu jukwaani, usawa wa mstari wa katikati, ila kocha ameniruhusu kukaa chini kando ya uwanja nikipenda. Nimekutumia picha moja uione. Ninunue lenzi gani? – Mama wa Jezi Namba 7*

Mama Saba, salama kabisa. Picha yako nimeifungua na kuikuza hadi mwisho. Mwamuzi aliyesimama kwenye mstari ametoka safi, mpaka kamba ya filimbi yake inaonekana ilivyosokotwa. Walioketi kwenye benchi nao wako safi. Kijana wako, aliyekuwa anapanda kuelekea kikapuni, uso una ukungu na mpira umekuwa kama yai. Picha hiyo peke yake inamjibu muuzaji wako. Kama mkono wako ungetikisika, mwamuzi naye angetoka na ukungu. Aliyecheza ni mtoto, na kizuia mtikisiko humtuliza aliyeshika kamera, hakimtulizi anayeruka. Anayeruka hushikwa na kasi ya shata, yaani ule muda mfupi ambao kamera hufunguka kuingiza mwanga.

Taarifa zilizohifadhiwa ndani ya picha yako zinasema shata 1/160 ya sekunde, f/5.6, ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kwa mpira wa kikapu 1/500 naihesabu kuwa ngazi ya mwisho kwa chini, na mimi roho haitulii mpaka nifike 1/800 au 1/1000. Maana yake unahitaji mwanga mara tano au sita ya huo ulioupata. ISO ukiipandisha hadi 6400 utapata mara mbili, na chenga, vile vipunje vinavyochafua picha, zitaongezeka. Mara zinazobaki za mwanga lazima zitoke kwenye lenzi.

Namba ya f kadiri inavyokuwa ndogo, lenzi inafunguka zaidi, na mwanga hufuata mraba wa namba hiyo. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 unapata mara nne. Ukishuka hadi f/1.8 unakaribia mara kumi. Tuchukue ukumbi wako uleule na ISO ileile ya 3200: kwa f/2.8 ungepiga kwa 1/640, kwa f/1.8 ungefika kama 1/1500. Ungeweza hata kubaki karibu na 1/800 na kurudisha ISO hadi 1600, chenga zikapungua. Sasa itazame hiyo 70-300. Ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6, nyingine f/6.3. Utakuwa umenunua giza lilelile, ila likiwa karibu zaidi.

Kwa hiyo unatafuta lenzi isiyovuta, yenye f/1.8. Zinazokufaa ni za milimita 50 au 85, na namba ikiwa kubwa lenzi huleta karibu zaidi. Swali la 50 au 85 haliwezi kujibiwa mpaka tujue utakaa wapi, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha: wananunua lenzi kwanza, kisha wanazunguka ukumbini wakitafuta mahali pa kuitumia.

Uwanja wa vipimo vya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni, na katikati yake iko karibu mita 1.6 ndani ya mstari wa mwisho. Ukikaa sakafuni kwenye kona, pale mstari wa mwisho unapokutana na wa pembeni, na ukarudi nyuma kidogo kama inavyotakiwa, unakuwa kama mita nane na nusu kutoka ringi. Shika kamera wima. Lenzi ya 50 kwenye sensa yako itakuonyesha kimo cha mita nne hapo: mchezaji mzima, mpira, ringi na nafasi juu. Lenzi ya 85 itakuonyesha mita mbili na robo au kidogo zaidi. Miguu itakatika, lakini uso, mikono na mpira vitajaa fremu, na mimi napenda hivyo. Viatu vya mchezaji si habari.

Sasa panda jukwaani kwako. Kutoka safu ya tatu katikati ya uwanja hadi ringi ni kama mita 17. Lenzi ya 50 hapo inachukua karibu mita nane kwa wima, kijana wako atakuwa mdogo kiasi cha kutafutwa. Ile ya 85 inachukua kama mita nne na nusu kwa wima, au mita tatu ukilaza kamera, na kwa megapikseli 24 unaweza kukata nusu ya kila upande ukabaki na megapikseli sita. Hizo zinatosha kuchapa ukurasa mzima wa jarida hili.

Basi kwa kuwa una viti viwili, chukua ile inayofaa kwenye vyote viwili: 85 f/1.8. Ya 50 ni ndogo na nyepesi sana, na ningemshauri aichukue yule anayekaa chini ya kikapu mechi nzima. Lakini 50 nyingi za f/1.8 zina mota ya fokasi isiyo na haraka, wakati 85 za f/1.8 nyingi hukimbia vizuri. Usishawishike na f/1.2. Ni lenzi tamu kwa picha za sura, ila vioo vyake ni vizito, na baadhi yake, hasa za miaka ya nyuma, fokasi huburuta vioo hivyo polepole huku mchezaji ameshafunga na kurudi kulinda.

Kuna gharama utakayoilipa kwa f/1.8, nayo ni wembamba wa eneo lililo safi. Kwa lenzi hiyo kwenye kamera yako, mtu akiwa mita tano, eneo lenye ukali ni kama sentimita 25. Akiwa kwenye mstari wa mitupo huru, ambao kutoka kona ni kama mita tisa na nusu, unapata karibu sentimita 90. Kwa hiyo wakisogea karibu, funga kidogo hadi f/2.2, au wewe lenga uso na ukubali kiwiko kiyeyuke. Weka fokasi ya kufuatilia, ile isiyoacha kujirekebisha ukiwa umebonyeza kitufe, na nukta moja ya fokasi iwekwe kifuani, juu ya namba ya jezi. Namba ina kingo kali, kamera inaikamata upesi. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, itachagua bango la matangazo nyuma. Mabango yana kingo kali kuliko watoto wetu.

Na kukaa sakafuni, kaa hasa. Usipige magoti ukasimama nusu. Ukiwa chini unaona macho ya mchezaji anayeinamisha kichwa kulinda mpira. Ukiwa jukwaani unaona utosi. Kona ina faida nyingine: mwamuzi wa mstari wa mwisho hutembea zaidi upande wa kati, hatakuziba mara kwa mara. Kanuni zinataka mita mbili kuzunguka uwanja ziwe wazi, kwa hiyo begi liwe nyuma yako na miguu ikunjwe. Mchezaji anayekimbiza mpira unaotoka haangalii lenzi yako.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi, nina Nikon D3500. Mjomba ananipa lenzi yake ya zamani, AF 85mm f/1.8D, iko safi kabisa. Ndiyo hiyo unayoisifia? – Mpwa Mwenye Bahati*

Marahaba, mwanangu. Inafunguka vilevile, ila kwenye kamera yako fokasi haitajiendesha. Lenzi za Nikon za kundi hilo la D huzungushwa na mota iliyo ndani ya kamera, na D3500 haina mota hiyo. Utabaki unazungusha kwa mkono, jambo linalowezekana kwa picha za sura na kwa mitupo huru, lakini si kwa mtu anayekuja mbio. Unayotaka imeandikwa AF-S 85mm f/1.8G. Ya mjomba ipokee kwa mikono miwili na umshukuru. Siku ukipata kamera kubwa yenye mota, itaamka.

*Fundi, kwa nini nisitumie tu flashi iliyo juu ya kamera? – Mvivu wa Hesabu*

Kwa sababu haifiki mbali, inachelewa kujaza baada ya kila mwako, na kamera nyingi haziruhusu flashi hiyo kupita 1/200 au 1/250. Tena inampiga machoni mtu anayelenga ringi. Flashi zinazotumika kwenye kumbi za NBA hufungwa juu darini, mbali na macho ya wachezaji. Ya kwako iache ilale.

*Ndugu Fundi, najitolea kuipigia picha klabu yetu. Nina kamera ya fremu kamili na 70-200 f/4. Nibadilishe nichukue 70-200 f/2.8, au niongeze 135 f/2? Pia nina kiongeza urefu cha 1.4, nikitumie? – Katibu wa Klabu*

Ndugu Katibu, kiongeza urefu kiweke kabatini. Kinameza nusu ya mwanga: f/2.8 inakuwa f/4, na hiyo f/4 yako inakuwa f/5.6.

Kuhusu kubadilisha, usiniulize mimi kabla ya kuuliza ukumbi wako. Nenda siku ya mazoezi, weka f/4 na 1/800, iache kamera ichague ISO yenyewe, kisha piga picha chache chini ya kila kikapu na moja katikati. Piga pande zote mbili, maana kumbi nyingi zina upande mmoja wenye taa zilizokufa. Ukiona ISO inasimama 6400, f/2.8 itakushusha hadi 3200, na hapo 70-200 f/2.8 ni ndoa nzuri: utawachukua walio chini yako na wanaoshambulia upande wa pili bila kubadilisha kitu. Ukiona 25600, f/2.8 itakuacha kwenye 12800 huku f/2 ikikufikisha 6400. Ukumbi wa namna hiyo unataka 135.

Picha ulizosema ni za kubandika ukutani na kutuma kwenye simu za wanachama, kwa hiyo usiziogope sana chenga za 6400 kwenye fremu kamili, yenye sensa kubwa. Picha yenye chenga watu huitazama, yenye ukungu huipita. Kama ingekuwa lazima nikuchagulie sasa hivi, ningesema 70-200 f/2.8, kwa sababu klabu inataka pia picha za kocha akifoka, mashabiki na kukabidhiwa kombe, na 135 itakusumbua kwenye mambo hayo. Ila ina uzito wa kama kilo moja na nusu. Tafuta mguu mmoja wa kuiegemeza, robo ya nne mkono utakushukuru. Na usiache kamera ikupimie mwanga yenyewe wakati wa mechi. Timu moja ina jezi nyeupe, nyingine nyeusi, na kamera itapandisha na kushusha kila wakati wakati taa za dari hazijabadilika hata kidogo. Pima mwanzoni, funga namba zako kwa mkono, cheza nazo mpaka mwisho.

*Fundi, napiga picha nyingi kwa mfululizo. Moja inatoka sawa, inayofuata ni ya manjano, ya tatu ina giza chini. Kwenye jua picha zote ni sawa. Lenzi yangu ni mbovu? – Mwenye Wasiwasi*

Lenzi yako ni nzima. Zinazocheza ni taa. Taa nyingi za kumbini hupepesa kwa kufuata umeme: palipo na umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, palipo na hezi 60 mara 120. Jicho halioni, lakini shata ya 1/1000 inakata kipande kidogo tu cha pepeso hilo. Mara unakata taa ikiwa kileleni, mara ikiwa inashuka, na taa za aina nyingine hubadilisha hata rangi zinaposhuka. Hiyo ndiyo manjano yako.

Tazama kwenye menyu ya kamera kama kuna kipengele cha kuzuia pepeso. Canon EOS 7D Mark II ya mwaka 2014 ilikuja nacho, na kamera nyingi zilizofuata za makampuni mbalimbali zinacho. Kazi yake ni kusubiri kidogo mpaka taa iwe kileleni ndipo shata ifunguke, kwa hiyo mfululizo wako utapungua kasi kidogo. Kama kamera yako ni ya kisasa isiyo na kioo, hakikisha pia unatumia shata ya chuma, usitumie ile ya kielektroniki isiyo na sauti. Chini ya taa za LED hiyo ya kimya mara nyingi huchora mistari ya giza kukatiza picha nzima. Kamera ikiwa haina kipengele hicho, piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kisha rekebisha rangi picha moja moja, ukianza na zile tu utakazozitoa.